Mistari Iliyozidi

Mama yangu huuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Kondele, na kipimo chake ni gorogoro, lile kopo la kilo mbili linalojulikana na kila mtu huku kwetu. Akishajaza na kusawazisha juu kwa kiganja, huchota omena nyingine kwa mkono na kumrushia mteja kwenye mfuko. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja wa Kisumu asipopewa nyongeza hutazama mfuko wake kana kwamba ametukanwa, na atasimama palepale akisema "Medna, mama, medna," yaani niongezee, mpaka aongezewe. Nimekua nikiyaona hayo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Nyumbani kwetu aliyepunguza alikuwa mwizi na aliyezidisha alikuwa mtu mzuri, na sikuwahi kumwona mtu akirudi kwa mama kulalamika kwamba amepewa nyingi mno.

Mimi sikurithi meza ya omena. Ninaandika programu za kompyuta, kazi ambayo mama huwaeleza majirani kwa kusema "anatengeneza mashine," na nimechoka kumsahihisha. Nina chumba cha kupanga Kondele, ghorofa ya pili, na wateja wangu ni mchanganyiko: shule, kanisa letu, na wenye nyumba wa Milimani wanaotaka kuliona geti lao kwenye simu wakiwa ofisini. Kosa langu kubwa kabla ya haya ninayosimulia lilikuwa kumfungia mwanasheria mmoja nje ya boma lake mchana mzima, na nikiwa mkweli lilinichekesha. Sikuwa nimewahi kufanya kazi inayoweza kumuua mtu. Au niseme, sikujua kwamba nimeshaipokea.

Ilikuwa kliniki ndogo ya binafsi huko Usenge, vyumba vinne kwenye njia ya kuteremkia ufuoni. Msimamizi wake kwa vyeti si daktari, ni afisa wa kliniki, lakini watu wote wa pale humwita Daktari, nami nitamwita hivyo. Alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa imeanza kukwaruza, na ndani yake kulikuwa na faili moja lenye habari za wagonjwa wote: nani anatumia dawa gani, vidonge vingapi kwa siku, na kila badiliko tangu waanze kuandika. Kila badiliko lilikuwa na mstari wake, na mstari mpya uliongezwa chini ya ile ya zamani. Daktari alikuwa amejaribu kulinakili faili hilo mwenyewe kwenda kwenye kompyuta mpya, likafika katikati likagoma.

Niliogopa siku ile, ila niliogopa kitu kisichokuwa chenyewe. Diski ililia kama mtu anayesaga meno, na kila ilipolia niliona watu wakipotea humo ndani, wenye presha, wenye sukari, watoto wa kifafa. Nesi wa pale alisimama nyuma ya kiti changu akinong'ona maombi. Nilichokuwa nikikiomba mimi kilikuwa kimoja tu, kwamba kisipungue kitu.

Kunakili kwenyewe si jambo kubwa. Una mkondo unaoingia, yaani data inayosomwa kutoka faili la zamani, na mkondo unaotoka, unaoelekea faili jipya. Huwezi kuhamisha vyote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo katikati unaweka kopo. Unachota kwenye mkondo wa kwanza mpaka kopo lijae, unamimina kwenye wa pili, unarudi kuchota tena, hivyo hivyo mpaka kusiwe na cha kuchota. Wenzangu wa kazi hii huliita bafa, lakini kichwani mwangu mimi mtoto wa Kondele ni gorogoro tu. Niliandika mistari kumi na miwili ya programu nikiwa nimekalia benchi la wagonjwa, nikaiambia kwamba ikikuta mahali pabovu ijaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa. Kisha nikabonyeza, nikakunja mikono.

Ikachota. Ikakwama, ikajaribu, ikachota tena. Ilipomaliza nilikuwa nimelowa mgongo mzima, na nesi alikuwa amehama kutoka maombi hadi kuimba.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mashine ya zamani ilikuwa ikionyesha idadi ya mistari yake pembeni ya kioo. Nilipohesabu kwenye mashine mpya nikakuta imezidi kwa mia tatu na kitu. Na kulikuwa na onyo moja, herufi ndogo za njano, kwamba mstari mmoja haukusomeka. Ningekuta imepungua hata kwa mstari mmoja ningelala pale pale mpaka niupate. Lakini ilikuwa imezidi, na mimi ni binti wa mama yangu. Nilihisi raha, nakuambia kweli, raha ya mtu aliyerushiwa kiganja cha omena juu ya kipimo. Nikajiambia labda ile hesabu ya zamani ilikuwa ya uongo, labda tumeokoa hata yale yaliyofutwa. Onyo nikalifunga. Daktari akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikarudi Kisumu nikijiona fundi.

Kitu cha mwisho nilichokuwa nimekifanya kabla ya kuondoka ni kuielekeza mashine mpya namna ya kulisoma faili. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mistari ishirini, basi nesi anataka kuona ipi? Nikaiambia ishike mstari wa mwisho kabisa. Sikuiambia iangalie tarehe, kwa sababu tarehe za pale ziliandikwa ovyo, huyu ameanza na siku, yule ameanza na mwezi, na nilijua zingenipotosha. Wa chini ndio mpya, nikasema, na kwenye faili la zamani hilo lilikuwa kweli.

Siku chache baadaye mwalimu wa kwaya yetu akaniletea kadi ya kumbukumbu ya simu yenye nyimbo zao, nayo imeanza kugoma ikinakiliwa. Nikachukua mistari yangu ile ile kumi na miwili, nikazihamisha nyimbo zote, sikuzisikiliza hata moja.

Jumapili iliyofuata kwaya nzima ilikuwa mazishini Siaya, amebaki mwalimu peke yake wa kutuwekea nyimbo kwenye spika. Baada ya mahubiri ukapigwa mmoja, wa taratibu. Ukaisha vizuri, kwaya ikatoa ile amina ndefu ya sauti nne, kinanda kikanyamaza, mchungaji akasimama kutoa baraka. Halafu spika zikaimba tena. Hazikuanza wimbo upya. Zilitoa maneno matatu ya ubeti wa mwisho, la kwanza likiwa limekatwa kichwa, kisha kimya.

Watu wakacheka. Mchungaji akasema naona leo kwaya haitaki kwenda nyumbani, wakacheka zaidi. Nami nilicheka, nikailaumu spika, kisha nikailaumu kadi. Kicheko kilikuwa bado mdomoni nilipoanza kufikiri, bila kutaka, ni kwa nini wimbo uliokwisha urudie sekunde chache za nyuma yake na si kitu kingine.

Kopo la kompyuta halifanani na la mama. La mama ukilimimina linabaki tupu. La kompyuta, unapomimina, kinachokwenda ni nakala, na kilichomo hubaki humo mpaka kifunikwe na kingine. Mchoto wa mwisho karibu kila mara haujazi kopo, hufunika nusu au robo tu, na chini yake kimebaki cha mchoto uliotangulia. Ndiyo maana kila inapochota mashine hukuambia imechota kiasi gani, ili umimine kiasi hicho basi. Mimi sikuwa nimeuliza. Kila mara nilimimina kopo zima.

Maana yake nyimbo zote zilikuwa na mkia. Na faili la Usenge lilikuwa na mkia, mia tatu na kitu, mistari ya zamani imebandikwa chini ya mipya, na mimi kwa mdomo wangu nimeiambia mashine ishike wa chini.

Sijui niliinukaje. Nakumbuka nilimkanyaga mama mmoja aliyekuwa amefumba macho kwa baraka. Mwalimu wa kwaya alinifuata nje akidhani nimeugua. Nikamwambia asiondoke na gari lake, nikakimbia hadi chumbani kwangu.

Nilikuwa nimemwahidi Daktari kwamba nakala ya faili iliyobaki kwangu nitaifuta. Sikuwa nimeifuta, kwa uvivu tu, na sijui hadi leo nimshukuru Mungu kwa uvivu huo au niombe radhi. Nikaifungua. Mkia ulikuwepo, ukianza na nusu ya mstari, ndio ule usiosomeka. Nikatafuta watu waliomo kwenye mkia ambao pia walikuwa na mstari mpya zaidi kabla yake. Walikuwa kumi na mmoja. Wanane walikuwa wamebadilishiwa namba za simu au siku ya kurudi. Wawili walikuwa na dawa za tumbo na za ngozi, vitu visivyoua. Wa kumi na mmoja alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande. Mstari wake mpya ulisema kidonge kimoja kwa siku, kipimo kimepunguzwa, alitoka damu puani. Mstari wa mkiani ulisema vidonge vitatu.

Nilimpigia Daktari, simu imezimwa. Nikapiga tena na tena, nikaipigia na simu ya kliniki, ambayo Jumapili hulia kwenye chumba kitupu. Ndipo nikashuka ngazi.

Mwalimu wa kwaya ni mtu wa mzaha, hata matanga huyachekea. Tulipokuwa tukitoka mjini alikuwa bado ananitania kwamba nimeiharibu kwaya yake. Nilimweleza hadi tukafika Kisian, naye mzaha ukimwisha kidogo kidogo.

"Kwa hivyo huyo mama ni kama ule wimbo," akasema.

"Ndiyo."

"Amerudishwa nyuma."

Nikasema ndiyo, akakanyaga mafuta, na hakutania tena mpaka Bondo na kupita. Mimi nilikuwa nimeshika laptopu mapajani imefunguliwa, nikiusoma ule mstari kana kwamba nikiutazama sana utabadilika. Alasiri ilikuwa nzuri, watu wanatoka makanisani na nguo zao nyeupe, na nilimchukia kila mmoja aliyekuwa akitembea polepole.

Usenge watu walituelekeza kwa Daktari, tukamkuta kwenye ibada ya hema, mstari wa mbele, akiwa na simu iliyozimwa kwa heshima. Nilimvuta mkono mbele ya watu. Nilipomwonyesha jina, kwanza hakuelewa, kisha akaweka kidole kwenye ile tatu.

"Huyu alikuja Jumatano," akasema. "Mimi nilikuwa Bondo kwa mkutano. Nesi ndiye alimpa."

"Alimpa ngapi?"

"Angempa zile zimeandikwa kwa mashine. Angefanya nini ingine?"

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, na siku zilikuwa nne, na leo ni ya tano.

Mama yule alikuwa mkaushaji wa omena, mwisho kabisa wa ufuo. Tulipita kati ya nyavu zilizotandazwa chini, omena zimemwagwa juu yake zinang'aa, wanawake wawili wanazigeuza. Harufu niliyokuwa nikiipenda tangu utotoni niliiziba kwa leso. Daktari akawauliza kwa Dholuo, wakasema hajatoka leo, jana alitoka akarudi mapema. Mmoja akaongeza kwamba alikuwa anatema damu, wakadhani ni jino.

Alikuwa amekaa mlangoni kwake na kitambaa mdomoni. Alipotuona aliinuka, akaingia ndani akatuletea viti, kwa sababu wageni ni wageni. Mkono aliokuwa amebebea kiti ulikuwa na doa jeusi kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, na akasema hakujigonga popote.

"Ni kuchoka tu, Daktari. Na hii meno."

Daktari alimuuliza mambo ya choo kwa sauti ya chini, akajibu akiangalia chini. Akamuuliza dawa amemeza ngapi leo. "Tatu, vile umeandika," akasema, na akatutolea bahasha ndogo ya kaki. Ilikuwa mwandiko wa nesi, mzuri, wa kupendeza, na chini ya tatu kuna mstari wa kusisitiza.

Hakukuwa na gari jingine, basi tulimweka nyuma pamoja nami, Daktari akakaa mbele akiipigia hospitali ya Kisumu. Mama yule hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo lilizidi kunitisha. Aliniuliza kwetu ni wapi, mama yangu anauza nini, kama nimeolewa na kwa nini bado. Niliposema omena akafurahi, akataka kujua mama ananunua za ufuo gani. Damu ilikuwa ikichuruzika taratibu kwenye pembe ya mdomo nami nikiifuta kwa leso yangu ya kanisani, na nilikuwa nikijibu maswali yake kama mwanafunzi anayetaka kufaulu, maana niliona akiwa anauliza ni mzima.

Karibu na Kisian akaacha kuuliza. Kichwa kikaja begani kwangu, kizito. Nikamwita, "Mama," akaguna. Nikamwita tena, hakuguna. Nikamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo na sikuyapata, kwa sababu sijui yanatafutwa wapi. Nikapiga kelele. Daktari akageuka akapitisha mkono kati ya viti, akamgusa shingoni, akahamisha vidole, akagusa tena.

"Yupo," akasema. "Endesha, mwalimu. Endesha."

Mwalimu wa kwaya alianza kuomba kwa sauti macho yakiwa barabarani. Nami niliomba, ila maombi yangu yalikuwa mabaya. Nilikuwa nikisema Nyasaye, Mungu wangu, usimchukue, nitasema nini. Siyo atateseka, siyo ana watoto. Nitasema nini mimi. Nimeyaandika haya ili yasionekane mazuri kuliko yalivyokuwa.

Walimpokea mlangoni, wakamchoma sindano ya kurudisha damu igande, wakamwongeza damu, na jua lilipokuwa likitua daktari wa pale akatoka kutuambia kwamba tungechelewa siku moja tungekuwa tunaongea habari nyingine. Nilikaa chini kwenye sakafu ya korido na gauni langu la Jumapili. Daktari wa Usenge, ambaye nilimweleza kosa la kopo tulipokuwa tukingoja, alikuja akachuchumaa karibu nami. Wale kumi wengine wa kwenye orodha yangu, nesi aliyepigiwa simu na Daktari alikuwa ameshawapata wote, wazima.

"Wewe ndiye umeona kosa," akasema. "Ungekaa kimya angekufa. Tutasema hivyo tu, mashine ilikosea ukaiona. Usiende kumwambia huyu mama mambo ya makopo."

"Kwa nini?"

"Hawa watu nimewabembeleza miaka mingi waje kliniki. Wakisikia kompyuta ilitaka kumuua mtu watarudi kwa miti shamba, na wenye presha watakufa wengi kuliko huyu mmoja."

Hakuwa mtu mbaya. Usingizi ulinikataa wiki hiyo. Niliukata kwanza mkia wa Usenge, kisha nikapita kila mahali nilipowahi kuiweka ile mistari kumi na miwili, shuleni, kanisani, kwenye mageti ya Milimani, nikibadilisha kitu kimoja kidogo, kwamba imimine kiasi ilichochota. Kusahihisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Hilo lilinikasirisha kuliko yote, kwamba umbali kati ya yule mama na kaburi ulikuwa mdogo namna hiyo, na nilikuwa nao mkononi tangu siku ya kwanza, nikauacha kwa sababu nilikuwa nakimbilia sifa.

Nilimtembelea siku ya nane, akiwa amekaa kitandani na binti yake anamsuka nywele. Binti aliponiona alipiga magoti sakafuni, mtu mzima mwenye watoto, akasema ero kamano mara nyingi, asante, asante, mpaka nikatamani sakafu inimeze. Mama akanishika mkono.

"Nyathina, mwanangu, Daktari amesema ni wewe uliona."

Ningeweza kuliacha lipite hivyo. Lakini akageukia dirisha akaendelea, kwa sauti ya mtu anayejicheka.

"Mimi nilijua ni moja. Daktari alipunguza, nikiwa hapo. Sasa nesi akaniambia tatu, nikasema si ni moja? Akaangalia mashine, akasema mama, hapa ni tatu. Nikaona aibu. Nikasema kumbe nimezeeka, nimeanza kusahau. Nilikuwa nameza nikijiambia wewe mjinga wewe, hata dawa yako huijui."

Nikamwambia. Nilianza na neno mashine nikaliacha. Nilimwambia kwamba mashine haikukosea, ilifanya nilichoiambia, na niliiambia vibaya. Nilimweleza kwa gorogoro, kwa sababu hicho angekielewa, kwamba niliona kipimo kimezidi nikafurahi badala ya kuuliza kimezidi na nini. Nikasema wewe ulikuwa unajua, mama, na mimi ndiye niliyekufanya ujione mjinga. Binti aliacha kusuka. Kitana kilikuwa kimesimama kwenye nywele za mama yake, na alikuwa akinitazama kama unavyomtazama mbwa ambaye hujui ataelekea wapi.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyataka, nadhani, hata kofi.

"Sasa ilikuwa wewe," mama akasema polepole.

"Ilikuwa mimi."

Kidole gumba chake kilikuwa kikipapasa mgongo wa mkono wangu, kwa maana hakuwa ameuachilia.

"Basi ni wewe utajua ikikosea tena," akasema. "Nipe namba yako."

Nilijaribu kumweleza kwamba sivyo, kwamba mimi si daktari, sijui dawa, nilichokijua ni faili tu. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mvua, akampa binti yake simu aniandike.

Tangu hapo, kila akichukua dawa, hunipigia kabla ya kumeza. Hamwamini tena sana Daktari, hamwamini kabisa nesi, na akili yake mwenyewe, iliyokuwa sahihi peke yake kati yetu sote, haiamini hata kidogo. Ananiamini mimi. Hunisomea bahasha herufi kwa herufi, nami humpigia Daktari, kisha humrudishia jibu, na ndipo humeza nikimsikia.

Jumatano iliyopita alipiga nikiwa Milimani juu ya ngazi, nimeshika waya wa kamera.

"Nyathina, leo wameandika moja na nusu. Ni sawa?"

Sikuwahi kusikia habari ya nusu. Nikamwambia angoje, nikashuka, nikampigia Daktari kwa simu yangu ya pili. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikalia. Nikamwambia mama afadhali akate, nitamtafuta baadaye, hata kesho.

"Sikati," akasema. "Nangoja tu. Maji iko, dawa iko kwa mkono. Sema tu."